Karai la Mwanamize

Kabati la Madamu Odili lilitoka Shela kifudifudi
juu ya mkokoteni wa hamali, limefungwa shuka mbili za maua
kama bibi harusi aliyezimia njiani.
Lina watoto watatu, na mtoto wa kati hafunguki.

Unyevu wa kusi umelibambua ngozi.
Waridi limeachana na shina, ndege ana bawa moja,
na vibanzi vilivyodondoka vimo kwenye bahasha.
"Ni la miaka mia mbili na hamsini, Fundi Lali. Polepole."
Mimi, ambaye babu alitia njumu viti vya mpingo
hadi kucha zikamgeuka rangi,
naambiwa polepole.
Nikanyamaza. Acha patasi imjibu.

Usiku nililigeuza.
Mbele bustani ya mfalme; nyuma, ubao wa msunobari
usioonja randa, fundo limeachwa, msumari umepinda.
Hapo ndipo nilipomjua mwenzangu.
Naye alikuwa na mteja wa haraka,
naye alijua ukuta hauna macho.
Jina lake alilipiga kwa chuma: herufi nne,
zilizobaki kala dumuzi.

Nilipokwangua mstari mweusi wa ukingoni
karakana ya babu ikanijia puani.
Sikuuliza mti huu ulikatwa wapi,
wala jicho la ndege, jeupe, lilibebwa na bega la nani.
Madamu alitaka bawa la pembe.
Nikamchongea la mfupa wa ngamia.
Pembe ina mwenyewe, nikamwambia, na bado anatembea.

Bawa halikunishinda. Kilichonishinda ni kivuli.
Kila petali ina ukingo wa kahawia
unaofifia kuelekea kati.
Si rangi, nimelamba. Si kalamu, nimesugua.
Ni moto. Lakini moto gani huu wenye adabu?
Mshumaa ukatia masizi.
Pasi ya makaa ikaunguza pote.
Msumari wa moto ukatoboa.
Siku nne, petali kumi na moja maiti mezani,
na Bunu, mwanafunzi wangu, anazihesabu kwa sauti.
Sikumpenda siku hiyo.

Siku ya tano, baada ya alasiri, nikashuka Mkunguni kununua njugu.
Mwanamize alikuwa akikoroga karai lake:
mchanga mweusi, njugu ndani,
hazigusi chuma, hazioni moto,
na zinashika rangi kidogo kidogo
kama mtu anayekumbuka.
Mkono wangu ukaganda njiani kwenda mdomoni.

"Niazima, Mwanamize."
"Nini?"
"Moto wako."
"Mtanga wangu ni wa njugu, Lali, si wa vibanzi!"
Nilikuwa nimeshachovya. Kibano cha nyusi cha mke wangu,
petali imesimama wima mchangani,
nikahesabu hadi tisa, nikavuta.

Kivuli kimekaa.
Kimekaa kama wanja uliolala machoni.

Basi na yeye, huko kwao kwenye baridi,
alisimama mbele ya karai la mtu
akatukanwa.

Mtoto wa kati alifunguka Alhamisi, kwa nta na matusi.
Ndani kabisa, kwenye gundi kavu, alama ya dole gumba.
Nikaweka langu: halikuenea.
"Ndoo, Bunu. Weka lako."
Likaingia kama ufunguo.
Bunu alicheka, kisha akaacha kucheka,
akalitazama dole lake
kama kitu alichoazimwa.
Nikamwambia achemshe gundi.

Madamu alikuja na miwani miwili.
Akatafuta petali mpya kwa jicho, kisha kwa kidole,
kisha akafumba macho na kutafuta tena.
Akalipa. Mlangoni akageuka:
"Mbona linanukia chakula?"
Nikasema ni gundi.

Mwanamize hadi leo hunipimia njugu pungufu.
Anasema zina ladha ya kabati.